Mfinyanzi hulia gaeni: vumbi la kauri linavyoziba mapafu ya wafanyakazi

Na MWANDISHI WETU

TAZAMA vyombo vilivyomo nyumbani mwako asubuhi ya leo. Kikombe ulichonywea chai, sahani iliyobeba mandazi, sinki ya kunawia mikono, choo cha kukalia, vigae vya sakafu na vile vya ukuta wa bafu. Vyote hivyo ni ndugu wa tumbo moja. Ni udongo uliochanganywa na mawe yaliyosagwa, ukafinyangwa, ukakaushwa, kisha ukachomwa ndani ya joko lenye moto mkali, aghalabu unaozidi nyuzi 1,000.

Sisi wanunuzi huvipokea vikiwa safi na vinang'aa. Hatuulizi vilipitia mikononi mwa nani, wala mtu huyo alikuwa akivuta hewa ya aina gani saa zote alizokuwa kazini.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Walimaanisha kwamba mtu anayetengeneza vyungu vizuri vya wenzake, mwenyewe hupakulia chakula chake kwenye kigae kilichovunjika. Katika viwanda vya kauri methali hiyo ina uzito zaidi, kwa sababu mfanyakazi asiyelindwa hapotezi chombo tu bali hupoteza pumzi yake.

Adui ni vumbi. Ugonjwa unaoletwa na vumbi hilo hauna tiba hadi leo. Lakini kinga yake inajulikana, ni rahisi, na imejulikana kwa takribani miaka 300. Basi kwa nini bado kuna watu wanaougua?

VUMBI LISILOONEKANA

Kiini cha tatizo ni madini yanayoitwa silika. Hayakutoka mbali, kwani ndiyo sehemu kubwa ya mchanga na ya mawe mengi magumu. Viwandani silika huwamo ndani ya udongo wenyewe, na mara nyingi huongezwa kwa makusudi ili chombo kisijikunje wala kupasuka kinapokauka na kuchomwa.

Udongo ukiwa umeloa hauna neno. Unaweza kuukanda kutwa nzima na usidhurike mapafu. Shida huanza unapokauka. Mtu akimimina gunia la unga mkavu ndani ya mashine ya kuchanganyia, vumbi hupaa. Akisugua kingo za kikombe kilichokauka ili ziwe laini, vumbi hupaa. Akifagia sakafu jioni, vumbi lililokuwa limetulia hupaa tena. Katika viwanda vingi vya vigae, udongo hukaushwa kwanza ukawa unga, kisha unga huo ndio unaoshindiliwa na mashine ukawa kigae. Usipofunikwa vizuri, hewa yote ya chumba hujaa vumbi.

Vumbi unaloliona si lile la kuogopwa zaidi. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni, nawe ukazitoa kwa chafya na makohozi. Zinazoua ni ndogo mno. Unywele wa binadamu una unene wa takribani mikroni 70, na mikroni moja ni sehemu moja ya milioni ya mita. Chembe za silika zinazofika kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu huwa chini ya mikroni 10, na nyingi hazifiki hata mikroni 4.

Umewahi kuuona mwale wa jua ukipenya kwenye tundu la bati na kuonyesha vumbi linaloelea chumbani? Ukisogea pembeni huoni kitu, ilhali hewa ni ile ile. Wakaguzi wa viwanda hutumia ujanja huo huo. Huwasha taa kali yenye mwale mwembamba karibu na mashine, na vumbi ambalo msimamizi aliapa kuwa halipo huonekana wazi likipanda kuelekea usoni mwa mfanyakazi.

Chembe hizo zikishaingia mapafuni, seli za ulinzi za mwili huzimeza kama zinavyomeza vijidudu. Lakini silika haimeng'enywi. Seli iliyoimeza hufa, huiachilia chembe ile, na seli nyingine huja kuimeza tena. Katika vita hivyo visivyokwisha, pafu hujaa makovu. Mahali palipokuwa laini na penye kunyumbuka kama sponji huwa pagumu, na kovu halipitishi hewa. Huo ndio ugonjwa uitwao silikosisi.

HUJA POLEPOLE

Silikosisi haina haraka. Kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi ya kuvuta vumbi la kiasi. Penye vumbi jingi inaweza kumpata mtu kati ya miaka 5 na 10, na penye vumbi la kupindukia hata mapema zaidi. Kucheleweshwa huku ndiko kunakomdanganya mfanyakazi. Mshahara hulipwa mwisho wa mwezi, lakini ugonjwa hudai deni lake baada ya miaka, pengine mtu akiwa ameshaacha kazi.

Chukua mfano wa baba mmoja wa makamo anayeishi mtaani. Kwanza anaanza kupumzika katikati ya ngazi alizokuwa akizipanda mbio. Kisha kinakuja kikohozi kikavu. Mkewe anamwambia, "Baba Atieno, hicho kikohozi si cha baridi. Kesho twende hospitali." Yeye anajibu kwamba ni uchovu tu. Anapokwenda hatimaye, anaulizwa kama anavuta sigara na kama kuna mgonjwa wa kifua kikuu nyumbani. Asipoulizwa kazi aliyofanya, naye asiposema, chanzo halisi hakitajulikana.

Hapa kuna mtego mkubwa kwa nchi kama yetu ambako kifua kikuu bado ni ugonjwa wa kawaida. Kwanza, kivuli cha silikosisi kwenye picha ya kifua kinaweza kufanana na kile cha kifua kikuu, na mgonjwa akapewa dawa zisizo zake. Pili, magonjwa haya mawili huandamana. Mapafu yaliyojaa silika hushindwa kupambana na vijidudu vya kifua kikuu, kwa hivyo mwenye silikosisi yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa na kuugua. Ndiyo maana mfanyakazi wa kiwanda cha kauri anapaswa kumtajia daktari kazi yake hata asipoulizwa.

Mwaka wa 1997 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka silika hiyo, inapovutwa kazini, katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu. Anayevuta sigara juu ya vumbi hilo anajiongezea mzigo.

WALIJUA TANGU 1726

Wengine watadhani haya ni maarifa mapya. Sivyo. Katika eneo la Staffordshire nchini Uingereza kuna jiji la Stoke-on-Trent, ambalo limejulikana kwa vyombo vya udongo kwa zaidi ya miaka 300. Huko ndiko Josiah Wedgwood, ambaye jina lake bado limo chini ya sahani za fahari, alikofungua karakana yake mwaka wa 1759.

Mwanzoni mwa karne ya 18, wafinyanzi wa huko waligundua kwamba wakitia unga wa jiwe la gumegume ndani ya udongo, vyombo hutoka vyeupe na imara. Gumegume ni silika karibu tupu. Jiwe hilo lilichomwa, kisha likapondwa likiwa kavu, na waliofanya kazi hiyo wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine.

Mwaka wa 1726 mtu aitwaye Thomas Benson alipewa hataza ya mashine ya kuponda gumegume ndani ya maji. Alieleza mwenyewe sababu yake: mtu anayeliponda likiwa kavu, hata awe na afya na nguvu kiasi gani, hakuweza kuishi zaidi ya miaka 2. Mwaka wa 1732 alipata hataza ya pili, safari hii akitumia mawe badala ya vyuma, kwa kuwa chuma kilichafua rangi ya unga.

Kwa hivyo takribani miaka 300 iliyopita, kabla ya kuwapo kwa eksirei na kabla ya jina silikosisi kubuniwa, jibu lilikuwa limeshapatikana, nalo ni kwamba vumbi likiloa halipai.

Lakini jibu hilo lilitumika kwenye kusaga tu. Katika vyumba vingine vya viwanda vile vile, watu waliendelea kufanya kazi katika ukavu. Walioumwa waliupa ugonjwa wao majina yao wenyewe, kama vile pumu ya wafinyanzi na uozo wa wafinyanzi.

WANAWAKE NA WATOTO

Mzigo haukuwaangukia wanaume peke yao. Kwa miaka mingi, vikombe na sahani za kauri nyembamba vilipangwa jokoni vikiwa vimezikwa ndani ya unga wa gumegume ili visipinde kwa moto. Vilipotoka, ilibidi unga ulioganda juu yake usuguliwe kwa brashi. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Waliketi saa nyingi ndani ya wingu la silika, na kifua chao kiliharibika mapema.

Watoto nao hawakusazwa. Wavulana wadogo, wengine wasiofika umri wa miaka 10, walikuwa wakikimbia na kalibu zenye vyombo vibichi kutoka kwa fundi hadi chumba cha kukaushia chenye joto kali, kisha kurudi mbio kuchukua nyingine. Mkaguzi wa serikali, Samuel Scriven, aliwahoji mwaka wa 1841 na kuandika ripoti kuhusu hali yao. Hata hivyo, ilichukua zaidi ya miaka 20 kabla ya viwanda hivyo kuingizwa chini ya sheria ya viwanda mwaka wa 1864.

Daktari mmoja wa huko, J. T. Arlidge, aliyewatibu wafinyanzi kwa miaka mingi, aliandika kitabu kikubwa kuhusu magonjwa ya kazi mwaka wa 1892. Alilihesabu vumbi kuwa adui mkuu wa wafinyanzi. Hata baada ya hapo unga wa gumegume uliendelea kutumika jokoni. Ni katika miaka ya 1940 ndipo sheria ilipokataza kuvipanga vyombo vya kauri ndani yake. Badala yake ulitumika unga wa alumina, ambao si silika, na vikombe havikupinda.

Msomaji, hesabu mwenyewe. Kutoka hataza ya Benson hadi sheria hiyo ni zaidi ya miaka 200. Haikuwa kukosa akili kulikochelewesha mambo. Aliyelipia gharama ya kubadilisha kazi alikuwa mwenye kiwanda, na aliyelipia gharama ya kutobadilisha alikuwa mfanyakazi na familia yake.

FUNZO LA CHINA

Nchi iliyoupa ulimwengu kauri bora ni China. Vipande vya sahani zake vimefukuliwa katika magofu ya Gede karibu na Malindi, ushahidi kwamba watu wa pwani yetu walizinunua karne nyingi zilizopita.

Katika enzi zetu, watafiti waliwafuatilia wafanyakazi zaidi ya 74,000 wa migodi na viwanda 29 vya China tangu mwaka wa 1960 hadi 2003, wakiwemo wa viwanda vya vyombo vya udongo. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2012 yalionyesha kwamba kadiri mtu alivyovuta silika nyingi maishani, ndivyo hatari yake ya kufa ilivyopanda. Wala si kwa maradhi ya mapafu tu, bali hata ya moyo.

KIJIKO KIMOJA CHA CHAI

Ni kiasi gani cha vumbi kinachotosha kudhuru? Marekani iliweka kiwango kipya mwaka wa 2016: hewa ya kiwandani isizidi mikrogramu 50 za silika katika kila mita moja ya ujazo, kwa wastani wa saa 8 za kazi.

Wanafunzi wanaweza kufanya hesabu hii darasani. Mtu anayefanya kazi huvuta takribani mita 10 za ujazo za hewa kwa zamu moja. Kwa kiwango hicho cha juu kabisa, atavuta mikrogramu 500 kwa siku, yaani nusu miligramu. Akifanya kazi siku 250 kwa mwaka, zitakuwa miligramu 125. Kwa miaka 40 ya kazi, jumla ni gramu 5.

Gramu 5 ni kama kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Hicho ndicho kiasi ambacho sheria kali imekiona kuwa ukomo kwa maisha yote ya kazi ya mtu, na hata hapo wataalamu hawasemi kwamba hatari imekwisha. Sasa mfikirie yule anayefagia unga mkavu kila jioni kwa fagio.

MAJI NDIYO DAWA

Kinga ina mpangilio wake, na barakoa haiji kwanza. La kwanza ni kuuliza kama silika inaweza kuondolewa kabisa, kama ilivyofanyika kwa alumina. La pili ni maji. Sakafu isifagiwe kikavu bali ipigwe deki, au isafishwe kwa mashine ya kufyonza yenye chujio la kunasa chembe ndogo. Udongo uliomwagika uzolewe kabla haujakauka. La tatu ni kuzifunika mashine na kuweka feni zenye mifereji ya kuvuta vumbi pale pale linapotokea, kabla halijafika puani.

Barakoa ni ya mwisho, nayo lazima iwe ile iliyotengenezewa vumbi laini na inayobana uso pande zote. Leso iliyofungwa puani haizuii chembe hizi. Barakoa ya hospitali nayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo, kwani hewa hupita pembeni.

Kuna jambo jingine linalosahauliwa, nalo ni nguo. Matone ya udongo yakirukia aproni hayana madhara yakiwa mabichi, lakini yakikauka na kukunjwakunjwa hugeuka vumbi karibu kabisa na pua. Katika viwanda vya Uingereza iligunduliwa kwamba aproni za pamba zilinasa udongo mwingi, na zikabadilishwa kwa kitambaa laini ambacho udongo haukishiki sana. Kuna wafanyakazi wanaojipuliza kwa hewa ya kompresa ili watoke safi jioni. Hilo ni kosa kubwa, kwani huirudisha hewani silika yote iliyokuwa kwenye nguo.

HAPA KWETU

Kenya ina viwanda vya vigae, vikiwemo vile vya kaunti za Kajiado na Machakos, na kila mtaa mpya unaojengwa unahitaji vigae. Tuna pia mafundi wengi ambao hawamo kiwandani lakini wanavuta vumbi lile lile. Pita kwenye jengo lolote linalomaliziwa jijini utamwona fundi akikata kigae kwa grainda kikiwa kikavu, wingu jeupe limemfunika, na msaidizi wake ameshika upande wa pili bila chochote usoni.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi wake, na penye wafanyakazi 20 au zaidi panapaswa kuwa na kamati ya usalama ambayo wafanyakazi nao wanawakilishwa. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo inatambua magonjwa yanayotokana na kazi, si ajali peke yake. Mfanyakazi akiona hatari haishughulikiwi, anaweza kuripoti kwa maafisa wa usalama na afya kazini walio chini ya wizara inayohusika na leba.

Mwaka wa 1995 Shirika la Kazi Duniani na Shirika la Afya Duniani zilianzisha mpango wa kuitokomeza silikosisi ulimwenguni ifikapo mwaka wa 2030. Lengo hilo halitafikiwa kwa makaratasi ya Geneva. Litafikiwa kwa ndoo ya maji iliyowekwa kando ya mashine, na kwa msimamizi anayejua kwa nini imewekwa hapo.

Familia ina kazi yake pia. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa si methali tu. Baba au mama akirudi na ovaroli yenye vumbi, isikung'utwe mlangoni wala sebuleni penye watoto. Iloweshwe kwanza, ndipo ifuliwe. Bora zaidi ni kiwanda chenyewe kuwa na mahali pa kubadilishia na kufulia nguo. Kila mwaka, anayefanya kazi hiyo aulize kama atapimwa pumzi na kupigwa picha ya kifua. Akikohoa kwa zaidi ya majuma mawili, aende hospitali na aitaje kazi yake.

Na wewe unayejenga au kukarabati nyumba, siku fundi atakapokuja kupachika vigae vya jikoni, mwambie akate kwa mashine yenye maji. Akisema itamchelewesha, mwongezee saa hizo kwenye malipo yake. Utakuwa umenunua kitu ambacho hospitali haiwezi kumrudishia.